Maswali yenu kwa fundi: Panya wamehamia kwenye boneti

Wakuu, toka mahindi yaanze kuvunwa huku kwetu meseji nyingi zinazoingia kwenye safu hii ni za panya. Sio breki, sio gia boksi, panya. Nimechagua chache ambazo naona zinabeba na za wengine, nimezifupisha kidogo ila lugha nimeacha ya wenyewe.

*Shikamoo fundi. Nina Noah naipaki uani hapa Uyole, pembeni ya stoo ya mahindi maana ndo sehemu pekee yenye bati. Juzi asubuhi nawasha injini inatetemeka, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, fundi wa mtaani kufungua boneti anakuta waya za koili zimetafunwa na juu ya injini kuna maganda ya mahindi na ya karanga. Akaunga, nikalipa. Wiki haijaisha wametafuna tena palepale. Hivi hawa panya wamependa nini kwenye gari langu wakati la jirani tumepakana ukuta na halina shida? (Mwenye Noah, Uyole)*

Marahaba. Jibu umeshaliandika mwenyewe ila hujaliona: stoo ya mahindi. Panya hawakuja kwa ajili ya Noah, walikuja kwa ajili ya mahindi, Noah wameikuta tu hapo imesimama ina joto. Jirani yako nina uhakika stoo yake iko upande mwingine au hana kabisa.

Angalia mambo yanavyokwenda. Mvua zetu huku zinaanza kama Novemba zinaisha Aprili, na panya shamba anazaliana kufuata mvua. Huyu ni yule wa kijivu kahawia, jike lake lina chuchu nyingi kuliko kawaida, mimba wiki tatu na siku kidogo, na kwa mkupuo mmoja anaweza kuzaa zaidi ya kumi. Watu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wamemsoma miaka na miaka. Sasa mvua zikiisha shamba linakauka, mnavuna, majani mnachoma, yeye chakula chake kimebebwa kwenye magunia kimeletwa nyumbani, unategemea abaki kule afanye nini? Anafuata. Na akifika ndo hiyo Juni, Julai, baridi ya Mbeya mnaijua, gari umetoka nalo mjini saa mbili usiku injini bado ya moto, chini kuko wazi, anapanda tairi, anaingia. Hapo kapata chumba chenye hita.

Kutafuna ni suala lingine. Meno yake ya mbele hayaachi kukua mpaka anakufa, kwaiyo lazima ayasugue kwenye kitu, na waya ina ugumu unaomfaa. Sio kwamba ana chuki na wewe. Na kwamba wamerudi palepale usishangae, walishakojoa pale, ile harufu inawaita hata wageni. Fundi wako aliunga waya lakini hakusafisha.

Sasa ufanyeje. Cha kwanza, kama unaweza kuhamisha gari lihamishe, hata kama ni kulipaki juani upande wa pili wa uwanja, bora rangi ifubae. Kama haiwezekani basi stoo ndo ibadilike. Magunia yasikae chini wala yasiegemee ukuta, weka kwenye chaga, acha nafasi ya kupita mtu nyuma yake uweze kuona kinachoendelea. Watu wengi saivi wanatumia ile mifuko ya kinga njaa, ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ni mizuri sana kwa dumuzi lakini panya anaitoboa vizuri tu, kwaiyo usijidanganye kwamba umemaliza. Anayeweza anunue kihenge cha bati au atumie mapipa yenye mfuniko. Pumba za kuku zifungiwe, bakuli la mbwa lisilale na chakula, na yale magunzi mnayorundika nyuma ya stoo kwa ajili ya kuwashia moto, hayo ndo nyumba ya panya namba moja, yaondoke karibu na gari. Majani yakatwe mpaka yabaki uwanja mtupu, panya hapendi kukatiza sehemu iliyo wazi.

Alafu kagua. Kila jioni kwa sasa, baadae hata mara mbili kwa wiki inatosha. Chukua tochi, fungua boneti, angalia juu ya betri kwanza, kisha lile sponji lililogandishwa kwa ndani ya boneti, kama limenyofolewa vipande ujue kuna mtu anatengeneza godoro. Fungua boksi la eyaklina, lile lenye filta ya hewa ya injini, ni klipu tu hazihitaji spana. Angalia pia kwenye ile plastiki ya chini ya injini, pale ni kama shelfu kwa hawa wadudu. Mavi yake ukiyaona meusi laini yanang'aa ni ya leo, yakiwa makavu ya kijivu yanavunjika ni ya zamani. Hiyo peke yake inakwambia kama vita inaendelea au imeisha.

Kuhusu kuacha boneti wazi usiku, kuna wengi wameniuliza. Inasaidia kiasi, maana ukiifungua joto linatoka na giza linapungua, anaona sio mahali pa kulala. Lakini ni kwa mwenye geti na mlinzi. Ukiacha boneti wazi mtaani, asubuhi panya hutamkuta na betri hutaikuta.

*Kamwene fundi. Mi nabeba mbao hapa Mafinga, mvua zikikolea barabara za msituni hazipitiki kenta inaweza kukaa wiki mbili tatu haijaguswa. Jamaa wananishauri vitu vingi, mmoja anasema mwaga dizeli kwenye waya, mwingine naftalini, mwingine pilipili ya unga, na kuna kijana anauza kidude cha kufunga kwenye betri kinapiga sauti ambayo binadamu hasikii panya anakimbia. Kipi cha kweli hapo? (Dereva wa mbao, Mafinga)*

Kamwene kaka. Nianze na dizeli maana hiyo inanikera. Dizeli na mafuta ya taa yanalainisha mpira, yaani paipu na yale maganda ya waya yanavimba na kuoza taratibu, kwaiyo unamsaidia panya kazi. Alafu injini ikipata moto una mafuta yamepakwa juu yake. Aliyekushauri hivo muulize kama gari lake amelifanya.

Naftalini inatoa harufu kali lakini injini ni sehemu ya wazi, upepo unaichukua, baada ya siku chache panya analala pembeni yake. Na wewe ukiwasha feni ya ndani unavuta ule moshi wake kwenye kibini. Kwa mwenye watoto ndo usiweke kabisa, mtoto anaona pipi, na kuna watoto wenye upungufu fulani wa kimeng'enya cha kwenye damu unaorithiwa, huku Afrika wapo wengi tu, naftalini inaweza kupasua chembe zao nyekundu za damu. Pilipili panya haipendi, hiyo ni kweli, Honda wenyewe wana tepu ya kuzungushia waya imetiwa ukali wa pilipili. Ila tepu inakaa juu ya waya. Unga wa kumwaga unapeperuka, mvua ikipiga umekwisha, na utakaobaki utaingia machoni kwa fundi wako.

Kidude cha sauti, hapana. Hapohapo Marekani wanakovitengeneza, mwaka 2001 tume yao ya biashara iliwaandikia barua watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuwaambia kama mnadai kinafukuza panya muwe na ushahidi wa kisayansi. Ile sauti haipiti kona wala haipiti kitu, na injini imejaa kona. Panya anaweza kushtuka mwanzoni, akizoea anaendelea na shughuli. Na kwa gari linalolala wiki tatu kinakunywa betri yako bure.

Kwa kenta inayokaa, mi ningefanya hivi. Toa kila kitu cha kula kwenye kibini, yale maganda ya miwa, karanga, mfuko wa viazi chini ya siti, vyote. Usiipaki kwenye rundo la mabanzi hata kama ndo penye kivuli, mabanzi na vumbi la mbao ni makazi. Tafuta wavu wa chuma wa tundu la robo inchi, yaani kama milimita 6, huo hata kipanya kidogo kinashindwa kupita. Ule wavu wa kuku wa kawaida wanaupita kama hawauoni. Kata kipande uzibe mdomo wa eyaklina na ile sehemu ya kuvuta hewa ya kibini chini ya waipa, ila uhakikishe hewa bado inapita vizuri, na ufunge kwa waya imara usije ukavutwa ndani. Injini yote huwezi kuiziba, usijisumbue. Na mtume kijana awashe gari kila baada ya siku mbili tatu, alisogeze mbele alirudishe. Sio kuliwasha tu dakika mbili azime, hapo atakuwa amewapashia joto.

*Habari za kazi fundi. Mume wangu kaweka sumu ya panya juu ya betri na nyingine kwenye tairi la akiba. Mi nina paka na watoto wadogo na kuku wanazunguka, roho haitulii. Yeye anasema sumu ndo dawa ya haraka. Naomba utusuluhishe. (Mama wa watoto watatu, Tukuyu)*

Dada, uko sahihi, na mwonyeshe hapa asome. Sumu ndani ya gari ina tatizo ambalo watu hawalifikirii mpaka limewakuta. Hizi za vidonge vya rangi nyingi zinazuia damu kuganda, panya anakula leo anakufa baada ya siku kadhaa, na katikati hapo anaenda kujilaza anapopenda, mara nyingi ndani ya dakti ya hita nyuma ya dashibodi. Kumtoa huko ni kushusha dashibodi nzima. Harufu utaisafiri nayo mpaka Kyela na kurudi.

Ile ya unga mweusi-kijivu nayo ikifika tumboni inatoa gesi ya sumu, na haichagui tumbo la panya, la kuku wala la mtoto. Juu ya betri ikitikisika kwenye mashimo inamwagika uani kwako. Mwambie aitoe kwa glovu, aifunge, na aoshe mikono kwa sabuni.

Na paka wako akila panya aliyelewa ile sumu ya damu naye anaathirika, bundi vilevile. Kuhusu bundi najua tunavyoamini, akilia juu ya paa watu wanatoka na mawe wanasema analeta msiba, lakini yule ndugu kazi yake usiku kucha ni kukamata panya, angekuwa analipwa tungekuwa tunamdai risiti. Muacheni.

Mtego ndo wangu mimi. Ule wa kubana wa mbao au wa chuma, mnaujua. Panya anatembea akigusa ukuta na ndevu zake, hakatizi katikati, kwaiyo mtego unawekwa ukutani, upande wenye chambo umeelekea ukuta. Na kwenye gari weka kwa ndani ya matairi maana tairi ndo ngazi yake. Wale panya wakubwa wa darini wana uoga wa kitu kipya, kwaiyo siku mbili tatu za mwanzo weka chambo bila kuutega, ale azoee, ndo uutege. Chambo dagaa wa kukaanga au siagi ya karanga kidogo sana, ukiweka nyingi analamba pembeni anaondoka. Weka mitego mingi usiku mmoja kuliko mmoja kwa mwezi. Watoto wakiwa wanazunguka, weka kwenye boksi la mbao lenye tundu pande mbili. Asubuhi kabla ya kuwasha gari ihesabu yote, na muite paka ndani usiku huo.

*Fundi nisaidie kumaliza ubishi. Hapa kijiweni Makambako kuna jamaa anasema magari mapya waya zake zimetengenezwa kwa soya ndo maana panya wanakula, magari ya zamani hayakuwa hivo. Kweli au porojo? (Kijiwe cha stendi, Makambako)*

Nusu kweli. Ni kweli makampuni yalianza kutumia malighafi ya mimea, soya ikiwemo, kwenye baadhi ya maganda ya waya, na kule Marekani wenye magari wakawapeleka mahakamani Toyota na Honda wakidai hiyo soya ndo inaita panya. Makampuni yakakana. Lakini ukikaa na wazee wenye Land Rover za enzi zile, waya za plastiki tupu na mpira, watakwambia panya walikuwa wanatafuna hivyohivyo. Panya anatafuna paipu ya maji, anatafuna sabuni, anatafuna mbao, mbao ina soya gani?

Ninachokiona gereji ni kwamba gari la zamani likitafunwa waya mbili taa haiwaki unaunga unaondoka. Gari la sasa lina sensa kila kona, waya nyembamba kama uzi, ikikatika moja gari zima linagoma. Kwaiyo panya ni yuleyule, hasara ndo imepanda. Mgawane ushindi hapo kijiweni.

*Fundi, nimefungua eyaklina ya IST nikakuta kiota na vitoto vya panya vya pinki. Nikiwasha feni kibini kinanuka mkojo. Mke wangu anasema ni hatari kiafya, mi naona nipulize na kompresa tu iishe. (Mwalimu, Vwawa)*

Mwalimu, kompresa weka chini kabisa. Msikilize mke wako. Mkojo wa panya unabeba vimelea, homa ya mgunda ni mojawapo, na mnakumbuka mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walikufa mpaka wizara ya afya ikatoka kutangaza. Ukipuliza unavirusha hewani unavivuta mwenyewe.

Fungua milango yote na boneti, liache gari lipigwe upepo nusu saa hivi, we kaa mbali. Chomoa terminali ya betri, hasi kwanza. Vaa glovu na barakoa. Changanya jiki sehemu 1 na maji sehemu 9, nyunyizia kiota na mavi mpaka vilowe chapachapa, subiri dakika 5, ndo uokote kwa tishu au tambara uweke kwenye mfuko, funga, weka mfuko mwingine juu, choma au fukia. Hakuna kufagia kukavu. Jiki inakula chuma na isiguse soketi za umeme, kwaiyo sehemu zenye waya tumia tambara lililolowa tu, alafu futa na maji safi. Filta ya eyaklina tupa, usikung'ute. Filta ya hewa ya kibini, ile iliyo nyuma ya droo ya mbele ya abiria, nayo tupa, nina wasiwasi ndo inayonuka. Watu wengi hawajui hata kama ipo.

Na kabla hujawasha injini pita na tochi kwenye egzosi manifoldi, yale mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini. Kiota kikavu kikikaa pale kinashika moto ukiwa barabarani.

Siku zijazo ukipata homa, misuli ya miguu inauma, macho mekundu, nenda hospitali na mwambie daktari ulishika mavi ya panya. Usimwachie abahatishe malaria.

*Fundi mkuu, mi ni fundi mdogo hapa Iringa mjini. Wateja wa panya ni wengi, naunga waya kwa kusokota na tepu nyeusi, baada ya mwezi wanarudi kosa lilelile. Na mwingine jana gari linanuka petroli sioni linapovuja. (Fundi kijana, Iringa)*

Dogo, kusokota na tepu ni kwa kumfikisha mtu nyumbani, sio kazi ya kulipwa. Joto la injini linaachia ile gundi, unyevu unaingia, shaba inaota kijani, kosa linarudi. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, lehemu kwa risasi ya kuyeyusha au tumia viunganishi vya kubana, vesha mrija wa kusinyaa kwa moto, kisha ingiza waya wote kwenye paipu ya plastiki yenye mikunjo. Waya ukiwa mfupi ongeza kipande cha unene uleule, usiuvute ukakaza. Waya za ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga, usiungeunge hovyo, kama ni sensa badilisha sensa. Na usiishie pale palipoonekana, fuata fungu lote la waya kwa vidole, panya huwa hang'ati sehemu moja.

Hilo la petroli gari lisiwashwe kabisa, lisukumeni litoke bandani. Betri itoke, sigara mbali, zima moto iwe mkononi. Kisha fuata paipu ya mpira kutoka tenki mpaka kwenye reli ya injekta, lile bomba linalogawa mafuta kwenye injini, angalia hasa upande wa chini na mgongoni ambako jicho halifiki, pitisha kitambaa cheupe uone kinapolowa. Alama ya meno inakuwa mikwaruzo miwili miwili sambamba. Ukiikuta usizibe na gundi wala usifunge na mpira wa tyubu, paipu hiyo inabadilishwa yote, ya mafuta, inayohimili presha, na klempu mpya.